SOMO LA KAZI ZA MIKONO: TUJIFUNZE KUUNDA KIGARI CHA MBAO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Wapenzi wanafunzi na wazazi, katika toleo hili tumeonelea tuzungumzie kazi ambayo vijana wengi huipenda wakati wa likizo, nayo ni kuunda kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi.

Kazi ya mikono si ya kudharauliwa. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim tunafahamishwa kuwa Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Na katika Surat Sabaa, aya ya 10 na 11, tunasoma kuwa Allah alimlainishia chuma Nabii Daud (A.S.), akamwamrisha aunde deraa, apime vyema katika kuziunganisha, na atende mema. Basi fundi Muislamu ana mambo mawili: kipimo na matendo mema. Sisi tuliyakosa yote mawili.

KOSA LETU

Kigari chetu cha kwanza tulikiunda kwa haraka, bila ya breki. Siku moja baada ya Alasiri tulimpandisha mwenzetu mdogo, tukamsukuma kwenye mteremko. Mara mzee mmoja akatokea uchochoroni. Mwenzetu alivuta kamba ili amkwepe, akagonga ukuta, akavunjika mkono. Mzee alisalimika, alhamdulillah.

Baba yake mwenzetu alipokuja hakutupigia kelele. Alikiangalia kigari, akauliza, "Mbao hii mmeitoa wapi?" Tukanyamaza. Tulikuwa tumeiokota kwenye nyumba ya jirani iliyokuwa ikijengwa, bila ya ruhusa. Akatupeleka kwa mwenyewe tukaombe radhi. Yule jirani akasema, "Wanangu, mngeniomba ningewapa." Maneno hayo yalituuma kuliko bakora.

VIFAA

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni ruhusa. Mabaki ya mbao yaombwe kwa seremala, na beringi chakavu ziombwe gereji au zinunuliwe. Vinavyohitajika ni hivi:

1. Ubao wa inchi 2 kwa 8, urefu futi 4.
2. Miti miwili ya inchi 2 kwa 2: wa mbele futi 2, wa nyuma futi 2 na nusu.
3. Beringi 4 za namba moja.
4. Bolti ya nusu inchi yenye urefu wa inchi 5 au 6, washa 3 na nati 2.
5. Bolti ndogo, misumari, kamba imara na kipande cha tairi.
6. Msumeno, patasi, keekee, nyundo, guni na msasa.

NAMNA YA KUUNDA

Kwanza, soma namba ya beringi. Ikiwa ni 6206, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5: 06 mara 5 ni 30. Basi tundu lake ni milimita 30. Chonga ncha za miti ziwe duara la kipimo hicho, na beringi iingie kwa kubana. Duara liwe upande wa chini wa mti, kwani beringi hii ina kipenyo cha nje cha milimita 62 tu. Ukichonga katikati, mti utakaribia kukwaruza ardhi. Kisha toboa ncha na utie pini ili beringi isichomoke.

Pili, pigilia mti wa nyuma chini ya ubao. Hakikisha kwa guni kuwa umekaa mraba, la sivyo kigari kitakwenda upande.

Tatu, toboa tundu inchi 4 kutoka ncha ya mbele ya ubao, na jingine katikati ya mti wa mbele. Pitisha bolti kubwa kutoka chini, kichwa chake kikizama ndani ya mti. Weka washa chini ya kichwa, baina ya mbao na juu. Nati ya pili huifunga ya kwanza isilegee. Funga kamba kwenye ncha mbili za mti huo. Hiyo ndiyo usukani.

Nne, breki. Chukua fito imara ya sentimita 60, uifunge kwa bolti ubavuni mwa ubao, sentimita 12 zikiwa chini na 48 juu. Huu ni wenzo: nguvu ya mkono huzidi takriban mara 4. Ncha ya chini ivikwe tairi na ielekee nyuma. Ukivuta mpini, tairi husugua ardhi na msuguano hupunguza mwendo. Ncha ikielekea mbele, hujikita ardhini na kukupindua.

Kumbuka kuwa mwendo ukiongezeka mara 2, masafa ya kusimama huongezeka mara 4. Kwa hiyo jaribu kwanza mahali tambarare, kigari kikiwa na mfuko wa mchanga badala ya mtu.

ADABU ZA KUTUMIA

Tusicheze kwenye barabara ya magari, wala wakati wa sala. Tuvae viatu, na mtu mzima awepo. Tusome dua ya kupanda chombo. Tukumbuke pia kuwa njia ina haki zake, kama ilivyo katika hadithi ya Bukhari na Muslim, na miongoni mwazo ni kuzuia udhia. Kumtegemea Allah hakumaanishi kuacha breki; Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu mmoja amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee.

Mkono wa mwenzetu umepona. Kigari cha pili tulikiunda pamoja naye, na breki aliifunga yeye mwenyewe.

MASWALI

1. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita ngapi?
2. Kwa nini ncha ya breki huelekezwa nyuma?
3. Umeokota msumari kwenye nyumba ya mtu inayojengwa. Utafanya nini?

Wabillahi tawfiq.