Somo la 4: Matumizi ya Mafuta Gari Linapovuta Tela

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri kati ya Tabora na Bagamoyo walibeba mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja. Mzigo ulipozidi, chakula na mapumziko vilihitajika zaidi. Leo asali, tumbaku na mpunga husafirishwa kwa magari, mengine yakivuta tela, lakini kanuni haijabadilika. Tofauti ni kwamba sasa tunalipa kwa mafuta. Yafuatayo ndiyo mambo makuu yanayoongeza malipo hayo.

Kasi na upepo. Ukiongeza kasi kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Shehena iliyopita kimo cha paa la gari, au turubai lililolegea, huzidisha ukinzani huo. Panga mzigo chini, kaza turubai, punguza mwendo.

Uzito. Uzito hugharimu zaidi wakati wa kuondoka, kupanda mlima na kupita kwenye mchanga. Usizidishe kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari. Weka vitu vizito karibu na ekseli, vikielekea mbele kidogo. Uzito ukikaa nyuma, tela huyumba na kuhatarisha maisha.

Magurudumu. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huwa zito kuvutwa na hupata joto hadi kupasuka. Pima upepo wa matairi ya gari na ya tela kabla ya safari, yakiwa bado yamepoa. Kagua pia beringi na breki za tela. Breki inayoshika wakati wote hula mafuta bila dereva kujua.

Uendeshaji. Ondoka taratibu na tazama mbali, ili usilazimike kufunga breki kwa ghafla. Usitoe gia kwenye mteremko kwa nia ya kuokoa mafuta: tela litalisukuma gari, na breki zikipata joto kali zitashindwa kulizuia. Tumia gia ndogo.

Jipimie mwenyewe. Jaza tangi, andika kilomita, safiri, kisha jaza tena. Gawa kilomita ulizosafiri kwa lita ulizoongeza. Tuchukulie kuwa umesafiri kilomita 200: bila tela umetumia lita 25, yaani kilomita 8 kwa lita, ukiwa na tela, lita 40, yaani kilomita 5. Lita 15 zilizozidi ni sehemu ya gharama ya mzigo. Zijumuishe unapopatana nauli, la sivyo utazilipa kutoka katika faida yako.

Mwisho, kumbuka kuwa EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na kwamba mikoa iliyo mbali na bandari hubeba pia gharama ya usafirishaji. Linganisha bei ya kituo na bei kikomo ya eneo lako, na udai stakabadhi kila unaponunua.