Wakaaji wanapoandika mji wao

Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla Elisabethville haijaitwa Lubumbashi, André Yav alikusanya Vocabulaire ya mji kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Jina ladai msamiati. Ndani mna historia ya mji, kwa Kiswahili chetu.

Maneno yamegawanywa kwa kufuata sikio. Johannes Fabian, aliyekichapisha mwaka 1990, alihitaji msemaji wa hapa akisome kwa sauti ndipo kieleweke.

Tukikisahihisha kwa Kiswahili Sanifu, "njo" itaonekana kosa, ilhali kwetu ni kitenzi kishirikishi chenye kanuni zake. Napendekeza darasani tukisome kwa sauti kwanza. Kalamu nyekundu ingoje.