Samaki Chini ya Barafu

Wasomaji wetu wengi waijua theluji kwa kuitazama tu, nyeupe juu ya kilele cha Kibo. Lakini katika Ulaya ya kaskazini na Marekani, wakati wa kipupwe, uso wa maziwa na mito huganda ukawa mgumu hata watu wakapita juu yake. Katika Uingereza baridi iliyoanza mwishoni mwa Desemba 1962 haikulegea mpaka mwanzo wa Machi 1963, na mjini Oxford motakaa iliendeshwa juu ya mto Thames. Kipupwe kikali kama hicho hakikuwa kimeonekana huko tangu mwaka wa 1740. Je, samaki huponaje?

Ajabu iko katika maji yenyewe. Maji yakipoa huzidi kuwa mazito, lakini yafikapo digrii 4 juu ya kiwango cha kuganda hubadili desturi: yakizidi kupoa huwa mepesi tena. Kwa hiyo yaliyo baridi kabisa hukaa juu yakaganda, na yenye joto kidogo hutuama chini. Kama barafu ingezama, maziwa yangeganda toka chini hata juu, wala samaki asingesalia.

Basi si baridi hasa iwauayo samaki wengi, bali ni kukosa pumzi. Majani ya majini hutoa oksijeni wakati wa mwanga tu. Theluji nene ikilala juu ya barafu hufunika mwanga, majani hufa yakaoza, na kuoza huko hula oksijeni iliyobaki, wala upepo hauwezi kuingiza nyingine. Katika maziwa ya kina kifupi, kama yalivyo mengi katika jimbo la Minnesota, samaki hufa chini kwa chini pasipo mtu kujua, mpaka barafu iyeyukapo ndipo huonekana wakielea. Wenzetu wenye mabwawa ya perege wamepata kuona jambo la namna hiyo alfajiri, samaki wakitweta juu ya maji, kwa maana usiku kucha majani hayakutoa kitu.

Wenye mabwawa huko hufagia theluji ili mwanga upenye, na hutunza tundu moja wazi. Lakini kuipiga barafu kwa nyundo si vizuri, kwa kuwa kishindo huwadhuru samaki walio chini.

Yuko samaki mmoja wa Ulaya, ndugu wa wale wekundu wafugwao katika vyombo vya kioo, ambaye huishi majuma mengi bila oksijeni. Huigeuza akiba ya mwilini mwake kuwa kileo, kisha hukitoa majini kwa matamvua. Twasadiki hakuna mlevi aliyepata kunufaika hivyo.

Mvuvi wa ndoana naye hupata taabu. Joto la mwili wa samaki hufuata la maji, hivyo wakati wa baridi huwa mzito, hukusanyika na wenziwe vilindini, na hula kidogo mno. Chambo yapasa kiwe kidogo, tena kitulie mbele yake. Kule Finland na Kanada hutoboa tundu katika barafu wakatumbukiza mshipi.

Hasara kubwa huwapata vifaranga waliozaliwa mwaka uleule, maana mafuta yao ni machache. Magamba ya samaki yana pete kama za mti, na wataalamu huzihesabu wakajua umri wake. Baada ya kipupwe kibaya, miaka kadha baadaye, wavuvi huvua wakubwa na wadogo, ila wa rika lile huwa haba.