Vyombo vya Pombe Nyumbani

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama za nyumbani: hapa Kasongo, pombe ya mahindi ikileta faranga, mtu hutaka chombo kikubwa zaidi. Aangalie kwanza kimefanywa kwa madini gani. Pombe ina asidi. Ikilala ndani ya ndoo ya bati hula zinki yake, na wanywaji hutapika na kuumwa tumbo. Heri nyungu ya udongo, ao bidoni iliyoletwa na mafuta ya kula. Pipa la dawa za mgodi lisiingie jikoni, hata lioshwe mara kumi.

Lutuku siisifu. Lakini anayeipika kwa radiatere ya gari ajue: radiatere za zamani zimeungwa kwa risasi, nayo huingia katika pombe. Mama mwenye mimba akiinywa, humfikia mtoto tumboni. Faranga ya kwanza inunue bomba la shaba lisilo na kiungo.