Kukagua Programu ya Hesabu Kabla ya Kuiamini

Programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa na watu, nayo yaweza kukosea. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1999, programu ya hesabu iitwayo Horizon ilionyesha upungufu wa fedha katika ofisi ndogo za posta. Mamia ya wasimamizi wa ofisi hizo walihukumiwa kwa wizi au kughushi hesabu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilithibitisha kuwa programu hiyo ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo.

Ukaguzi hufanywa mara mbili. Kwanza hukaguliwa mpango, kabla programu haijaandikwa. Mwaka 1976 Michael Fagan wa kampuni ya IBM alieleza jinsi watu wachache wanavyoweza kuusoma mpango pamoja, hatua kwa hatua, wakitafuta makosa. Kosa linaloonekana mapema hurekebishwa kwa gharama ndogo. Hapo katibu wa chama huuliza: je, stakabadhi iliyofutwa itabaki katika kumbukumbu?

Pili, programu iliyokamilika hujaribiwa kwa hesabu ambayo jibu lake linajulikana. Mkulima aliyeleta kilo 120 kwa shilingi 1,000 kila kilo, akakatwa shilingi 30,000 za pembejeo, hana budi kupata shilingi 90,000. Hujaribiwa pia kwa makosa, kama stakabadhi iliyoingizwa mara mbili au umeme kukatika katikati ya kazi.

Daftari lisiachwe mpaka lilingane na programu kwa msimu mzima. Upungufu ukitokea, programu nayo ichunguzwe kabla ya katibu kushtakiwa.