"Miale" au "Chembe"? Tatizo la Istilahi katika Utafiti wa Miale ya Kosmiki

Makala haya yanachunguza istilahi "miale ya kosmiki" kwa kuihusisha na matokeo ya utafiti wa miaka ya karibuni. Hoja yetu ni kwamba neno "miale" linaficha undani wa suala lenyewe.

Mnamo Agosti 1912, mwanafizikia Victor Hess wa Austria alipaa kwa puto hadi kimo cha mita 5,300 hivi, akabaini kuwa mnururisho huzidi kadiri mtu anavyopanda. Katika miaka ya 1920, Robert Millikan wa Marekani aliuita miale, akidhani ni jamii moja na miale ya gama. Muongo uliofuata, Arthur Compton alionyesha kuwa kiwango chake hubadilika kwa latitudo; yaani, huathiriwa na sumaku ya dunia. Kwa hivyo, ni chembe zenye chaji. Takriban asilimia 90 ni protoni. Hata hivyo, jina lilibaki.

Mwale husafiri kwa mstari mnyoofu, nao huonyesha utokako. Chembe hizi, kinyume chake, hupindwapindwa na sumaku iliyotanda katika galaksi, hata zikifika kwetu mwelekeo wake hautambulishi chanzo. Ndiyo sababu asili yake imewatatiza wataalamu kwa zaidi ya karne.

Ajabu ni kwamba ushahidi umeletwa na miale halisi. Protoni zikigonga gesi huzalisha miale ya gama, ambayo haipindwi. Mwaka 2013, watafiti wa darubini ya angani ya Fermi walitangaza kuona alama ya migongano hiyo katika masalia mawili ya nyota zilizolipuka, IC 443 na W44. Mwaka 2016, kituo cha H.E.S.S. nchini Namibia kilieleza dalili za protoni zenye nishati kubwa mno katika kitovu cha galaksi yetu. Mwaka 2021, kituo cha LHAASO nchini China kiliripoti vyanzo 12 vya miale ya gama yenye nishati ya juu kabisa.

Je, mwanafunzi anayefunzwa kuwa vyote viwili ni "miale" ataielewaje hoja hii?

Wapo watakaodai kuwa istilahi zetu sharti zioane na za kimataifa. Dai hilo lina uzito. Lakini tafsiri sisisi hurithi hata makosa ya lugha chanzi. Tunapendekeza "chembe za kosmiki", nalo neno "miale" liachiwe gama.