Nzi wa Matunda: Mtego kwa Madume, Nyigu kwa Mayai na Funza

Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003. Kwa sababu yake, mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya. Uuzaji huo ulianza tena mwaka 2021.

Nzi jike hutaga mayai chini ya ganda la embe. Funza hula ndani, ambako dawa ya kupulizia haiwafikii vizuri. Dawa hiyo huwaua pia wadudu wanaomsaidia mkulima.

Kivutio hufanyaje kazi?

Nzi dume hupenda sana methili eujenoli, kemikali inayopatikana katika mimea kama mrehani. Huila ili apate harufu ya kumvutia jike. Ikiwekwa kwenye mtego pamoja na kiuadudu kidogo, madume huja wenyewe na kufa. Majike wengi hukosa wa kupandana naye, na sumu hubaki ndani ya mtego.

Hata hivyo, mtego huu haunasi majike. Aliyekwisha kupandwa huendelea kutaga. Hapo ndipo maadui asilia wanapohitajika. Nyigu mdogo Fopius arisanus, aliyeletwa nchini na kituo cha utafiti cha icipe, hutaga ndani ya mayai ya nzi huyo. Mwenzake, Diachasmimorpha longicaudata, hushambulia funza. Nao sisimizi waitwao maji moto huwinda nzi mtini.

Mambo ya kuzingatia

1. Mtego utundikwe kwenye tawi lenye kivuli, na waya wake upakwe grisi ili sisimizi wasiibe nzi walionaswa.

2. Kivutio kibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

3. Maembe yaliyoanguka yaokotwe mara kwa mara na kutiwa katika hema lenye wavu laini juu. Nyigu hupenya na kurudi shambani, nzi hubaki ndani. Maembe yakizikwa bila mpango, nyigu nao huangamia.

4. Mkulima aepuke kupulizia dawa mti mzima.

Nzi hajui mpaka wa shamba. Mkulima mmoja akitega peke yake, nzi wa jirani humrudia. Wakulima wanahimizwa kutega kwa pamoja kijijini, na kumwona afisa wa kilimo wa wadi kwa ushauri kuhusu idadi ya mitego inayofaa.